Upepo wa Kununua

Kompyuta ilizimika Agnela akiwa amebakiza mstari mmoja tu wa barua, ule wa "wako mtiifu". Kioo kiliganda kwanza, herufi zikasimama zilipokuwa, kisha kikawa cheusi. Kijana mwenye barua alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa shati la kuazima lililompwaya mabegani. Aliuliza kama umeme umekatika. Agnela aliitazama balbu iliyokuwa ikiwaka juu ya vichwa vyao, kijana naye akaitazama.

Alimwomba asubiri kidogo ipoe. Kijana alisubiri kwa adabu, akakunja miguu, akaikunjua, akachungulia jua nje. Usaili wake ulikuwa mchana ule ule. Mwishowe aliomba karatasi yake aliyoiandika kwa mkono, akavuka barabara kwenda kwa mpiga chapa mwingine aliyefungua fremu tangu Krismasi. Hakulaumu. Aliaga hata, na Agnela aliona afadhali angelaumu.

Bibi Hanna, mama mkwe wake, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango akichambua maharage.

"Amelala tena?" aliuliza.

"Amelala, mama."

Tangu kompyuta ilipoingia katika nyumba ile ya kupanga pale Sombetini, Bibi Hanna hakuwahi kuitaja kama kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha mlimani, kimechanganyika na Kimeru, lakini hapo hakuwa amekosea. Aliitaja kompyuta kama mnyama kwa kukusudia. Alisema ameamka vibaya, amekula umeme mwingi, leo hana raha. Mwanawe Gadiel alimcheka siku za mwanzo, akamsahihisha, kisha akaacha, maana alijua jambo lile lilikotoka. Mama yake alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa kule Nkoaranga, na ndiye aliyeuzwa ili kompyuta inunuliwe. Shirika alilofanyia kazi Gadiel lilipobinafsishwa, wenye mali wapya wakampa barua ya shukrani na kumwachisha kazi, na mama ndiye aliyesema ng'ombe auzwe kabla ya msimu wa ada, bei haijashuka. Baada ya hapo banda lilibaki tupu, naye akashuka na begi moja kuja kukaa na mwanawe mjini. Alisema amekuja kumwona huyo aliyechukua nafasi ya ng'ombe wake.

Na kama alivyomtunza yule wa kwanza, alimtunza na huyu. Fremu yao, chumba cha biashara cha mbele ya nyumba, ilipakana na mashine ya kusaga. Unga ulipenya kwenye nyufa za mbao, ukatua mezani, ukatua juu ya karatasi na kwenye nyusi za wateja. Wiki ile ile ya kwanza Bibi Hanna alinunua uzi wa sweta, mwekundu na kijani, akafuma koti. Halikuwa kitambaa cha kutupia juu kama kile cha redio au vile vya makochi. Lilikuwa koti kweli, limepimwa kwa shubiri, lina mgongo na mbavu. Lile kasha ambalo kila mtu aliliita sipiyu lilivikwa koti hilo hadi mezani, likaachwa wazi kwa mbele tu, penye kitufe cha kuwashia. Nyuma aliacha tundu la nyaya. Mgongoni alidarizi KARIBU WAGENI, ingawa mgongo ulitazama ukuta na hakuna mgeni aliyewahi kuyasoma maneno hayo. Wanawake wa jumuiya yake ya Kilutheri walikuja kuliona, wakalishikashika. Mmoja aliomba amfumie la televisheni.

Gadiel aliporudi kutoka kutafuta kibarua, Agnela alimweleza habari ya yule kijana. Gadiel aliweka kiganja juu ya koti, akakiondoa upesi kama mtu aliyegusa pasi.

"Ni joto," alisema. "Tutafute feni."

Agnela alilitazama koti, halafu akamtazama mama mkwe wake, ambaye alikuwa akipuliza maganda ya maharage kwenye ungo.

*

Duka la fundi Ebenezer lilikuwa ghorofani, karibu na stendi ndogo, chumba kimoja chenye meza ndefu iliyojaa makasha yaliyofunguliwa matumbo. Gadiel na Agnela walisimama mlangoni kusubiri zamu yao. Mbele yao alikuwa mama mmoja mnene, katibu wa ofisi fulani, aliyeleta kompyuta yake ikiwa bado na kitambaa cheupe cha kufuma kichwani. Ebenezer alikinyanyua kitambaa kwa vidole viwili, akakionyesha watu.

"Mama, huyu anaolewa lini?" aliuliza. "Maana naona mmeshamvisha shela."

Duka zima lilicheka. Yule mama naye alicheka, lakini mikono yake ilikuwa ikikitafuta kitambaa ili akifiche mkobani. Alikitia humo bila kukikunja, yeye ambaye kazini hata hati za watu hakuzikunja hovyo. Ebenezer akaendelea kueleza, kwa sauti ya wote, kwamba mashine inatoa joto kama mtu anayekimbia, na Watanzania wakinunua kitu cha thamani lazima wakifunike hadi kife. Hakuwa kijana mbaya. Alipenda tu kusikia watu wakicheka.

Zamu yao ilipofika, Gadiel alieleza kwamba yao inaganda, halafu inazima.

"Yenu mnaifunika?" Ebenezer aliuliza.

"Hapana," Gadiel alijibu, upesi mno. "Iko wazi kabisa."

Agnela aliangalia sakafu. Palikuwa na skrubu moja ndogo karibu na kiatu chake, akaiangalia hiyo.

Basi, kama haifunikwi, fundi alisema, ugonjwa unajulikana: feni ya ndani imechoka, inahitaji msaada. Nyuma ya kasha pana nafasi ya feni ya kutoa joto nje, na bila shaka yao ni tupu, maana zinazoletwa kutoka Dubai nyingi huja hivyo. Alipanga feni tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa imetolewa kwenye kompyuta iliyokufa, ina vumbi la nchi nyingine kwenye mapanga yake. Ya pili ilikuwa mpya, nyepesi, ya bushi. Alisema hiyo itazunguka kimya miezi michache, kisha itaanza kulia kama panya. Ya tatu ilikuwa mpya, nzito kidogo, ya beringi, inayozunguka juu ya gololi, na hiyo aliishika tofauti, kwa kiganja chote. Alipotaja bei yake, Gadiel alijifanya anakohoa.

"Ninyi Wachaga," alisema, "sasa mnauza mpaka upepo."

"Na ninyi Wameru," Ebenezer alijibu, "mmezoea wa bure kutoka mlimani." Akamgeukia Agnela. "Dada, si unatoka kwetu wewe? Naona sura ya Kibosho hiyo. Mwambie shemeji beringi ni beringi."

Agnela alitabasamu bila kuonyesha meno. Gadiel aliomba feni zote ziwashwe. Fundi aliziunganisha moja baada ya nyingine, na Gadiel akatandaza kiganja mbele ya kila moja, amefumba macho, kama mtu anayesikiliza mvua. Ile kuukuu ndiyo iliyopuliza zaidi. Ebenezer alimwambia upepo wa kiganjani si kipimo. Alimwambia asikilize mlio, aisukume kwa kidole aone kama inacheza pembeni. Lakini Gadiel alikuwa ameshapata sababu ya kuchukua ya bei nafuu, na sababu ya namna hiyo haiachiliwi kirahisi. Alibishana mpaka ikapungua tena kidogo. Fundi akaifunga kwenye gazeti, akampa na skrubu nne, akisema skrubu ni zawadi ya shemeji.

Walipofika chini barabarani, Agnela alisema, "Baba Princess, ni lile koti."

"Najua."

Hakulitegemea jibu hilo. Alikuwa amejiandaa kumweleza.

"Kama unajua, kwa nini umemdanganya?"

"Ulimwona yule mama alivyokuwa akificha kitambaa chake?" Gadiel alishika feni kwapani kama mkate. "Mama ameuza ng'ombe. Leo nimwendee nimwambie alichofuma kwa mikono yake ndicho kinachoua alichonunua? Wewe ndiye utakayemwambia?"

Agnela alifikiri. Alikuwa Mkatoliki katika nyumba ya Walutheri, Mchaga kwa Wameru, na mpaka leo wifi zake walisema mtori wake wa ndizi ni mzito kama udongo wa kujengea.

"Nikisema mimi, itakuwa nimekataa kazi ya mkono wa mama mkwe."

"Sasa unaona," Gadiel alisema. "Feni ni bei nafuu kuliko hayo."

*

Feni ilifungwa jioni hiyo. Ilipowashwa, mgongo wa koti ulijaa upepo, ukavimba, ukashuka, ukavimba tena. Bibi Hanna aliacha kazi yake akaja kusimama pale.

"Sasa anapumua," alisema, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeletewa habari njema kutoka hospitali. Alimshukuru mwanawe. Alimshukuru Agnela pia, kwa jina la mtoto wake, "Mama Pirinsesi", jina ambalo ulimi wake ulikuwa haujalizoea.

Agnela alipata njia yake. Bibi alipokwenda kwenye jumuiya, au kumpeleka Princess chekechea, yeye aliliinua pindo la nyuma la koti na kulibana juu kwa pini. Saa hizo kompyuta ilifanya kazi bila kusita, barua zikaisha, kadi za harusi zikaisha. Akisikia ndala za mama mkwe uani, alizitoa pini akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Aliona aibu kidogo, kama mtu anayekula kwa kujificha. Lakini mambo yalikwenda, na kwa kipindi kile kifupi alidhani mambo yanaweza kwenda hivyo miaka yote.

Siku moja mteja alikuwa mkali, Agnela akasahau kuzitoa pini. Bibi Hanna aliingia, akaona pindo limebanwa. Alizitoa pini moja moja, akaziweka mezani kwenye mstari mmoja, akakaa kwenye kigoda chake. Alingoja mpaka mteja alipoondoka.

"Mama Pirinsesi, nimefuma vibaya?"

"Hapana, mama. Ni zuri sana."

"Kama rangi hukuzipenda ungeniambia. Macho yangu hayaoni sana siku hizi. Labda nyekundu imezidi."

"Rangi ni nzuri, mama."

"Basi kwa nini unalikunja kama tambara?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Agnela aliliona neno lenyewe, akaliona mpaka lilivyoandikwa, kwa sababu alikuwa mtu wa kupiga chapa na maneno aliyaona hivyo. Aliona na jinsi uso ule ungekuwa baada ya neno hilo. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni mwa watu wengine, mjini asikokujua, hana shamba wala banda, ana kitu kimoja tu anachokijua kukifanya hapa.

"Lilikuwa linapepea, mama," alisema. "Nililibana lisipepee."

Bibi Hanna aliitikia kwa kichwa taratibu. Kumbe ni hivyo tu. Kesho yake alikwenda kwenye mitumba, akarudi na vifungo vikubwa vya makoti ya Wazungu, vile vizito vya chuma. Alivishona vyote kwenye pindo la nyuma, kimoja baada ya kingine, karibu karibu. Koti lilikaa. Feni ilipuliza, na mgongo wa koti haukutikisika tena.

*

Kompyuta ilianza kuzima upya. Wateja walipungua, na waliobaki walikuwa wale wasio na haraka, ambao pia ndio wasio na hela. Mwalimu Nathanaeli, wa taaluma katika sekondari moja ya kanisa, alikuwa ameahidi kuwapa mitihani yote ya muhula kupigwa chapa. Ikienda vizuri, ingekuwa yao kila muhula. Gadiel alilirudia jambo hilo kila chakula cha jioni, na mama yake aliuliza kila mara kama huyo mwalimu ni mtu wa kweli.

Zamu ya Agnela katika mchezo wa akina mama wa kuchangiana pesa ilifika, na pesa hizo zilikuwa zimepangiwa kazi nyingine. Alizichukua akapanda kwa Ebenezer peke yake. Alisema anataka ile ya beringi. Fundi alifurahi, akasema dada ameona mwanga. Kisha alikunja uso.

"Lakini feni ya pili kwa kompyuta moja ya kawaida?" alisema. "Una hakika haifunikwi, dada?"

Palikuwa na watu wanne pale dukani. Mmoja wao, kijana aliyeshika redio, aligeuka kumtazama.

"Haifunikwi," Agnela alisema.

Mara ya kwanza uongo ulikuwa wa mumewe, yeye alisimama tu karibu. Huu ulikuwa wake. Ebenezer alimwonyesha jinsi ya kuifunga mbele kwa ndani, ivute hewa baridi, ile ya nyuma iendelee kutoa. Alimchorea na mshale kiganjani ili asisahau mwelekeo. Agnela alishukuru, akalipa, akashuka ngazi akiwa amekumbatia kasha dogo la karatasi. Njia nzima alijiambia kwamba kitu cha bei ile lazima kifanye kazi.

Mwezi ulikuwa wa saba. Baridi ilikuwa imeshuka kutoka Meru, mlima wenyewe hauonekani, na watu walitembea wamejifunga khanga mbili. Aliporudi alimkuta Mwalimu Nathanaeli ameshafika, ameketi kwenye benchi na bahasha kubwa ya mitihani mapajani. Bibi Hanna alikuwa amesimama kando ya meza, sindano mdomoni, akimngoja Agnela kwa furaha ya mtoto.

Alikuwa ameligeuza koti. Ndani yake alikuwa ameshona kipande cha blanketi, kile cha kijivu alichokuja nacho kutoka Nkoaranga, akiwa amekikata katikati.

"Kule juu mwezi huu tunamfunga gunia," alimweleza mwalimu. "Akipata baridi kifuani, maziwa yanakata."

Mwalimu Nathanaeli alitabasamu kwa heshima. Agnela alimwomba dakika chache, akafunga feni mpya mwenyewe, kwa bisibisi ya mumewe. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Alipomaliza, Bibi Hanna alimvika sipiyu koti lake, akalivuta hapa, akalinyoosha pale, akarudi kwenye kigoda. Agnela aliwasha. Feni mbili ziliitika pamoja. Zilikuwa na sauti nzuri.

Alipiga chapa mtihani wa kwanza, Jiografia, ukaisha, akauhifadhi kwenye disketi. Wa pili ulikuwa Kiswahili. Alihisi joto kwenye goti lililokuwa karibu na kasha, akasogeza goti. Mwalimu alikuwa pale. Mama mkwe alikuwa pale, na macho yake yalikuwa kwake. Aliendelea kuandika. Kwanza ilikuja harufu, kama ya ndoo ya plastiki iliyosogezwa karibu na jiko. Halafu ulitoka mlio mdogo, mkavu, kama wa kijiti kinachovunjwa, na moshi mwembamba ukapita kwenye tundu la nyaya.

Agnela alichomoa waya ukutani. Bibi Hanna alikuwa wa kwanza kufika. Alilivua koti kwa mikono miwili, akaanza kulipepea lile kasha kwa upande wa khanga yake, akiliita kwa Kimeru, maneno ambayo Agnela hakuyajua lakini aliijua sauti yake.

Mwalimu Nathanaeli alisimama. Kwa upole sana, alisubiri mpaka moshi uishe. Kisha akaomba karatasi zake.

*

Ebenezer alikuja nyumbani kesho yake, kwa sababu Gadiel alikataa kuibeba kompyuta ile barabarani. Alifungua kasha uani, penye mwanga. Power saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, ilikuwa imeungua, na bodi kuu nayo ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kucha. Alisema bodi hiyo haina dawa. Kununua nyingine ni kununua kompyuta nyingine. Halafu alitoa ile feni ya nyuma, ya kwanza, akaishika juu. Kwenye mapanga yake palikuwa na nyuzi zimejisokota, nyekundu na kijani, ngumu kama nywele zilizosukwa.

"Hizi zimetoka wapi?" aliuliza.

Koti lilikuwa kwenye kamba ya nguo, lililofuliwa asubuhi ile kuondoa harufu ya moshi. Ebenezer alilitazama, akatazama vifungo, akatazama blanketi. Safari hii hakucheka.

"Nani alikuwa anaifunika?"

Bibi Hanna alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Gadiel hakumtazama.

"Mke wangu," alisema. "Mama Princess ndiye aliyekuwa anafunika. Kwa ajili ya unga."

Agnela alimgeukia mumewe. Aliona shingo yake imekakamaa asigeukie ngazi ya mlango, akajua kwamba anaombwa. "Ni kweli," alisema. "Ni mimi."

"Lakini dada." Ebenezer alisikika kama mtu aliyeibiwa. "Nilikuuliza. Siku ile na shemeji niliuliza, ulipokuja peke yako nikauliza tena. Ungesema tu. Nisingekuuzia hata moja. Mngelivua tu hilo, basi."

Bibi Hanna aliinua kichwa. Uongo wa Gadiel ulikuwa umepita juu yake bila kumgusa. Nani asiyejua koti lile ni la nani? Lakini hilo la kuulizwa lilimfikia. Alimtazama mwanawe, kisha mkwewe, kwa muda mrefu, akiwapima kama watu aliowaona mara ya kwanza. Halafu akainuka akaingia ndani.

Fundi hakudai nauli ya kuja. Alikusanya vifaa vyake, akasema ile feni ya beringi bado ni nzima, anaweza kuinunua kwa nusu ya bei. Gadiel akamwuzia.

Kabla ya Jumapili, begi la Bibi Hanna lilikuwa mlangoni. Gadiel alimbembeleza, akamwambia kule juu hakuna kitu, banda limeoza, nani atamtazama. Alijibu kwamba amekumbuka kwake. Hakumlaumu mtu. Alimbusu Princess, akampa Agnela mkono, na mkono ule haukubana.

*

Fremu ilichukuliwa na mtu wa saluni. Gadiel alipata kibarua cha kupakua mifuko ya saruji, siku zipo siku hazipo, akirudi amejaa vumbi jeupe, anaoga, analala. Yeye na mkewe waliongea kuhusu mkaa, kuhusu maji, kuhusu viatu vya mtoto. Lile jingine walilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la barabarani walilolizoea. Agnela alizunguka maofisi akiuliza kama wanahitaji mpiga chapa. Kote aliambiwa aache barua ya maombi, na ikambidi kuipigisha kwa yule wa ng'ambo ya barabara, amlipe kama mteja.

Jumamosi moja alipanda Nkoaranga, na kilo ya sukari na mche wa sabuni. Nyumbani kwa mama mkwe hapakuwa na mtu. Mtoto wa jirani alimwelekeza bondeni, kando ya mfereji. Alimkuta njiani akija, ameinama chini ya mzigo wa mabingobingo uliokuwa mrefu kuliko yeye, mundu umechomekwa kiunoni. Alikuwa akimkatia majani ng'ombe wa Abdiel, jirani yake, na kumkamua asubuhi, na Abdiel alimpa chupa moja ya maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alisimama, lakini hakuutua mzigo. Aliuliza habari za Princess, na habari za Gadiel, akajibiwa nzuri.

"Nikusaidie kubeba, mama."

"Nimeshauzoea."

Maji ya mfereji yalipita. Agnela alihamisha mfuko wa sukari kutoka mkono huu kwenda ule.

"Yule kijana fundi alisema alikuuliza," Bibi Hanna alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba haifunikwi."

"Na mimi nilikuwa nimekaa hapo mlangoni kila siku."

"Niliogopa kukuumiza, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona ndiyo heshima."

Jasho lilimtiririka Bibi Hanna kwenye mikunjo ya shingo, na mikono yake miwili ilikuwa juu imeshika majani, hakuwa na wa kujifutia.

"Huyu wa Abdiel ana teke," alisema mwishowe. "Juzi nilimwendea alfajiri, mikono yangu baridi, akanipiga hapa. Siku mbili sikupiga goti kanisani." Alitazama njia iliyokuwa mbele yake, jinsi inavyopanda. "Liliniuma, lakini nilijua hapo hapo kwamba nimekosea. Nikaenda jikoni, nikapasha mikono, nikarudi nikamkamua."

Aliupandisha mzigo vizuri kichwani, akampita, akaanza kupanda. Agnela alimfuata kwa nyuma, mbali kidogo, asiguswe na ncha za majani.